Nyani, dungu na siku za kuamia ambazo hakuna anayezihesabu

Mtu yeyote aliyewahi kuamia, yaani kulinda wanyama wasile, shamba la mahindi kwenye vilima vinavyoshukia Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa mji wa Kigoma, anaijua saa ya nyani. Hawaji alfajiri. Huamka taratibu, hushuka kutoka kwenye miti mirefu au majabali walikolala, hukaa juani kwanza na kuchambuana manyoya, kisha jua likishapanda kidogo na umande ukianza kukauka, ndipo unapoyaona majani ya mahindi ya mstari wa mwisho yakitikisika pasipo upepo. Nilipokuwa darasa la nne nilikaa juu ya dungu, kile kichanja cha mlinzi wa shamba, la shangazi yangu karibu msimu mzima wa mahindi mabichi, nikiwa na debe bovu, fimbo na kombeo, na ninachokikumbuka zaidi kuliko hofu yangu ni utulivu wao. Dume mmoja mkubwa alikaa juu ya kichuguu akinitazama. Nyuma yake majike waliobeba watoto migongoni waliingia shambani bila papara. Jike mmoja alivunja bua kwa mkono mmoja, akaketi, akamenya hindi kwa vidole na meno, akala punje changa za upande mmoja, akalitupa, akavuta bua la pili. Nilipiga debe. Dume yule hakusogea. Alipandisha nyusi, akapiga mwayo mrefu ulionionyesha meno yake yote, nami nikashuka dungu kwa upande wa pili na kukimbilia nyumbani.

Shangazi alipofika alizunguka shamba kimya akiokota mahindi yaliyoliwa nusu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Baba, kesho tutakuja wawili." Kesho yake ilikuwa siku ya jaribio la hesabu shuleni, na keshokutwa nilichapwa kwa utoro.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu mjadala wetu kuhusu nyani hupimwa kwa mabua, magunia na ekari, na kipimo hicho huacha nje jambo lililo kubwa kuliko yote, yaani siku za watu. Hasara kuu ambayo nyani huiletea kaya ya mkulima wa Kigoma na Tabora ni nguvukazi inayotumika kumzuia asile. Nguvukazi hiyo hutolewa zaidi na watoto na akina mama, bila malipo na bila kuandikwa popote. Sera yoyote isiyoitambua kazi ya kuamia kuwa ni kazi itaendelea kushindwa, iwe ni sera ya watu wanaompenda nyani au ya watu wanaotaka aangamizwe.

Tuelewane kwanza tunamzungumzia nani, maana jina la nyani hutumika ovyo. Wapo wanaomwita sokwe nyani, na wapo wanaomweka tumbili, ngedere na nyani katika kapu moja. Sokwe hana mkia na ni jamaa wa karibu zaidi wa binadamu. Tumbili na ngedere ni wadogo, na mtoto mwenye fimbo anaweza kuwafukuza. Nyani ni mnyama mwingine kabisa: anatembea zaidi ardhini kuliko mitini, ana pua ndefu kama ya mbwa, dume hufikia kilo 25 na kuzidi, na meno yake ya chonge yanaweza kumrarua mbwa wa nyumbani. Wataalamu hutaja aina sita za nyani barani Afrika, na mkoa wa Kigoma peke yake una mbili kati ya hizo. Wale wa Gombe wana manyoya ya kijani kibichi kilichochanganyika na kahawia, rangi ya zeituni, na wale wa Mahale, kusini zaidi kwenye ufuo huohuo wa ziwa, wana manyoya ya manjano na umbo jembamba zaidi. Hakuna kati yao aliye katika hatari ya kutoweka. Jambo hilo huwafanya wahifadhi wengi wampuuze nyani, kwa sababu macho na fedha huelekezwa kwa sokwe, na mkulima anabaki na mnyama ambaye hana mtetezi wala msimamizi.

Maisha ya kundi la nyani yana utaratibu ambao kila mlinzi wa shamba angepaswa kuufahamu. Majike hawahami. Jike huzaliwa, hukua, huzaa na kufa katika kundi la mama yake, na hata cheo chake ndani ya kundi hukirithi kwa mama yake. Madume ndio wanaohama wakishakomaa, wakaenda kutafuta nafasi katika kundi jingine. Kwa hiyo kumbukumbu ya eneo, yaani wapi pana maji wakati wa kiangazi, mti gani huzaa mwezi gani, na shamba la nani halina mlinzi siku ya gulio, imo vichwani mwa majike wazee. Mwanakijiji anayejitahidi kumuua yule dume mkubwa wa kwenye kichuguu, akiamini kwamba ndiye jemadari wa uvamizi, anaondoa mnyama ambaye huenda alihamia kundini miaka michache tu iliyopita. Wiki ijayo majike watarudi kwa njia ileile, na dume mwingine atakalia kichuguu kilekile.

Tunayajua mambo hayo kwa uhakika mkubwa kwa sababu sehemu ya elimu hiyo ilipatikana hapahapa Kigoma. Dunia nzima inaifahamu Gombe kwa ajili ya sokwe wa marehemu Jane Goodall, aliyewasili kwenye ufuo ule Julai 1960, lakini nyani wa Gombe nao wamefuatiliwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, vizazi kwa vizazi, kila mmoja akijulikana kwa jina na kwa uso. Mei 1975 wapiganaji waliovuka ziwa kutoka Zaire waliwateka wanafunzi wanne wa kituo cha utafiti, na baada ya tukio hilo kazi ya kila siku ya kuandika nani kazaa, nani kahama na nani kafa ilibaki mikononi mwa wasaidizi wa utafiti wa Kitanzania, wengi wao wakiwa vijana wa vijiji vya jirani. Tusilipite jambo hili haraka. Watu wa ufuo ule, wengine wakiwa na elimu ya msingi tu, wameweza kwa miongo mingi kutembea na makundi ya nyani kutwa nzima na kusoma nia ya mnyama kabla hajaitekeleza. Utaalamu wa kumjua nyani upo Kigoma kama utaalamu wa kujua upepo wa ziwa ulivyo kwa wavuvi, na hadi leo hatujautumia kulinda hata shamba moja la muhogo.

Gombe ilitufundisha na jambo jingine, tena kwa njia ya uchungu. Katika miaka ya mwanzo sokwe walipewa ndizi ili wazoee kukaa karibu na watu waweze kuchunguzwa. Nyani hawakukawia kuigundua neema hiyo. Pale kituoni palikuwa na chakula kingi mahali pamoja, na palipo na chakula kingi mahali pamoja pana ugomvi: nyani walipigana na sokwe, sokwe wakapigana wao kwa wao, na watu waliokuwa katikati wakawa hatarini. Ugawaji ulipunguzwa sana kuelekea mwisho wa miaka ya 1960, na mwaka 2000 ukakoma kabisa. Leo mgeni anayelala Gombe huelekezwa asile nje na asiache mlango wazi, na vibaraza vya nyumba vimezungushiwa wavu wa waya. Hifadhi nzima ni ndogo, haifikii kilometa za mraba 60, na nyani wake hupita ufuoni kila siku, mahali ambapo wavuvi huanika dagaa.

Dagaa ni kitendawili chake chenyewe. Usiku wa giza mitumbwi hutoka na taa, dagaa hufuata mwanga na kuvuliwa, na asubuhi humwagwa mchangani au kwenye chanja zikauke. Kwa nyani, ufuo uliotandazwa dagaa ni sinia lililoandaliwa. Nimemwona mama mmoja katika kijiji cha kaskazini mwa hifadhi akitembea kati ya chanja zake kuanzia saa tatu asubuhi hadi dagaa zilipogeuzwa na kukauka, fimbo mkononi, mtoto mgongoni, na kila alipofika mwisho wa chanja nyani kijana aliyekuwa amejificha nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa alikuwa amekwisha kufika mwanzo wa chanja na kuchota konzi. Nilimuuliza kwa nini asipumzike hata siku moja kwa wiki. "Mwanangu," akanijibu huku macho yakiwa kwenye ule mtumbwi, "nyani hana Jumapili."

Maneno yale yalinifanya nianze kuhesabu. Mahindi yana kipindi cha hatari kinachojulikana: tangu punje zinapojaa maziwa hadi zinapovunwa, labda majuma sita au manane. Muhogo ni kinyume chake. Wazee wetu waliupenda muhogo, na serikali tangu enzi za wakoloni iliuhimiza, kwa sababu unaweza kubaki ardhini mwaka mzima na zaidi ukingoja siku ya njaa. Lakini uzuri huohuo ndio unaomfunga mkulima aliye karibu na nyani, kwa kuwa chakula kinachongoja ardhini kinamngoja pia mwenye vidole. Nyani huchimbua muhogo kwa ustadi, hufukua pembeni mwa shina, huvunja mzizi mnene na kuacha shina limesimama, hata mwenye shamba akipita mbali akadhani mambo ni salama. Kaya inayotegemea muhogo ina ulinzi wa miezi yote kumi na miwili. Ongeza michikichi, ambayo matunda yake nyani huyapenda sana na ambayo katika mkoa wetu ni benki ya familia nyingi, na utaona kwamba hakuna mwezi ambao mtu mmoja wa nyumbani anaweza kusema ametua mzigo.

Nani basi anaubeba mzigo huo? Baba huwa ziwani, gulioni au kwenye kibarua. Mama ana kisima, jiko na shamba jingine. Anayebaki ni mtoto na bibi, na hapo nyani ana hesabu yake pia. Wakulima wa maeneo mengi ya Afrika, wakiwemo wale wanaoishi kando ya msitu wa Budongo nchini Uganda, hueleza jambo ambalo kila mtoto aliyekaa dunguni analijua: nyani humwogopa mwanamume mzima, humtazama mwanamke kwanza ili amjue, na mtoto humpuuza. Hii ina maana kwamba tumempa kazi ya ulinzi mtu ambaye mvamizi amekwisha kuamua kutomheshimu. Mtoto hukosa masomo, na mazao yaleyale huliwa mbele ya macho yake. Mara nyingine nyani dume aliyezoea humkaribia mtoto kumtisha au kumnyang'anya chakula alichofungiwa na mama yake, na mzazi yeyote aliyewahi kumpokea mtoto aliyerudi kutoka shambani akitetemeka hahitaji kuelezwa kwa nini chuki dhidi ya mnyama huyu ni kali vijijini.

Upande wa Tabora kisa kina sura nyingine, na naona kinastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu kinaonyesha chanzo. Nyani wa misitu ya miombo alikuwa na ghala lake: mbula, mitonga, mafuru na matunda mengine yanayopokezana mwaka mzima, pamoja na mbegu, mizizi, wadudu na kumbikumbi wakati wa mvua. Kisha ikaja tumbaku. Katika Urambo, Kaliua na Sikonge tumbaku imejenga nyumba za bati na kusomesha watoto, wala siwezi kumlaumu mkulima aliyeichagua. Lakini tumbaku inayokaushwa kwa moto inahitaji kuni, na bani (banda la kukaushia) moja baada ya jingine, msimu baada ya msimu, hula miti ileile ambayo nyani alikuwa akiitegemea. Jani la tumbaku halimvutii nyani. Mwenye shamba la tumbaku halali dunguni. Anayelala dunguni ni jirani yake mwenye mahindi na karanga, ambaye hakupata bei ya tumbaku ila amerithi nyani aliyepoteza msitu. Waswahili walisema tumbili akimaliza miti huja mwilini, na sijui kama kuna kauli fupi zaidi inayoweza kuueleza mkoa wa Tabora wa leo.

Idadi ya watu nayo inaeleza mengi. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Tabora ukiwa na watu 2,291,623, na ile ya 2022 ikaukuta na watu 3,391,679, ongezeko la zaidi ya milioni moja kwa miaka kumi. Kigoma imefikia watu 2,470,967, ilhali sensa ya 1967 ilikuta watu wasiofika nusu milioni. Watu hao wanahitaji mashamba, na mashamba mapya hufunguliwa pembezoni, yaani mpakani mwa msitu, mahali ambapo nyani anaweza kukaa kivulini akisubiri mlinzi aende kunywa maji. Wakati huohuo chui, ambaye ndiye aliyekuwa akimtia nyani hofu usiku na mchana, amepungua au ametoweka katika vilima vingi. Nchini Ghana ilionekana kwamba mahali simba na chui walipopungua, nyani wa rangi ya zeituni waliongezeka na kuvamia mashamba zaidi, na watoto wakalazimika kukaa mashambani kulinda. Tumemwondoa mlinzi wa asili, na kiti chake tumempa mwanafunzi wa darasa la nne.

Nyani anayekula shambani pia hubadilika mwili. Mahindi machanga yana nguvu nyingi katika eneo dogo. Nyani wa porini hutumia sehemu kubwa ya mchana akitafuta majani, mbegu na mizizi, ilhali aliyepata shamba au jalala hushiba mapema, hunenepa, na majike huzaa mapema na kwa vipindi vifupi zaidi. Jambo hilo lilionekana waziwazi Kenya, kwa makundi ya Gilgil yaliyoanza kula mashamba ya walowezi wapya, na kwa makundi ya Amboseli yaliyojipatia chakula kwenye majalala ya hoteli. Kwa hiyo shamba lisilolindwa vizuri mwaka huu linaongeza idadi ya wavamizi wa miaka mitano ijayo.

Kula pamoja kuna hatari nyingine inayosahaulika, nayo ni maradhi. Katikati ya miaka ya 1980, kwenye mbuga ya Maasai Mara, madume wakali wa kundi lililokuwa likifuatiliwa na mtafiti Robert Sapolsky walizoea kwenda kupigania nyama iliyotupwa kwenye jalala la hoteli ya watalii. Nyama ile ilikuwa na kifua kikuu. Madume hao walikufa karibu wote, na kundi lililobaki, likiwa na majike wengi na madume wapole, likawa na amani isiyo ya kawaida kwa miaka mingi, hata madume wageni waliohamia wakajifunza upole huo. Huwa nalifikiria tukio hilo kila ninaposikia mtu akisema nyani ni mkorofi kwa kuzaliwa. Hapa kwetu, nyani wa Gombe wamewahi kukutwa na kichocho cha tumbo, ugonjwa uleule unaowasumbua watu, na baadhi ya nyani wa Tanzania hubeba vijidudu vya jamii moja na vile vinavyosababisha buba kwa binadamu. Jalala la kijiji lililo wazi, choo kisicho na mlango na mabaki ya samaki ufuoni ni mahali ambapo maradhi yanaweza kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Sheria zetu zinamwonaje mkulima huyu? Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 na kanuni zake za mwaka 2011 zilileta utaratibu wa kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa na kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mali. Utaratibu huo ulijengwa kwa kumfikiria mnyama hatari, tembo anayelala shambani usiku mmoja na kuacha jangwa, kiboko, simba, mamba. Malipo ya mazao hukokotolewa kwa ekari na kwa umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Kipimo hicho kinafaa kwa tembo. Nyani hali ekari. Anakula mistari miwili leo, mmoja kesho, mitatu siku ya msiba kijijini ambapo watu wote wamekwenda makaburini, na hadi mavuno mkulima amepoteza sehemu kubwa ya shamba bila kuwa na siku hata moja ambayo angeweza kumwita afisa aje kupima. Zaidi ya hapo, mkulima aliyefanikiwa kulinda hana hasara ya kuonyesha. Ametumia siku tisini za watu wa nyumba yake kuhakikisha hakuna kilicholiwa, na macho ya mpimaji yanaona shamba zima lisilo na dosari. Jasho lililostahili kufutwa limekwisha kukauka.

Najua jibu ambalo wengi vijijini hulitoa, na sitalibeza, kwa sababu hutoka kwa watu waliochoka. Wanasema nyani auawe. Methali yetu husema ukitaka kumuua nyani usimtazame usoni, na mimi nimemtazama usoni kwa miaka mingi, kwa hiyo msomaji anaweza kunidhania huruma. Hata nikiiweka huruma pembeni, hesabu haiungi mkono. Kundi linaloshambuliwa hutawanyika na kurudi, huwa na hadhari zaidi, na nafasi inayoachwa na waliouawa hujazwa na kundi jirani. Sumu ya kuulia wadudu iliyopakwa kwenye ndizi, njia ambayo hutumiwa kwa siri mahali pengi, huua mbwa wa mlinzi, kuku na ndege wanaokula mizoga kabla ya kumpunguza nyani, na mabaki yake hushuka na mvua hadi kwenye kijito ambacho wanawake huchota maji. Kuwahamisha nako kuna kikomo. Mwaka 1984 mtafiti Shirley Strum aliwahamisha nyani wa Gilgil hadi Laikipia baada ya ugomvi na wakulima, na nyani hao waliishi na kuzaliana kule, lakini kazi hiyo ilihitaji mipango mirefu, fedha nyingi na ardhi pana isiyo na mashamba. Kigoma ya leo haina Laikipia yake.

Kinachobaki ni ulinzi, na hapa ndipo ninapotaka tubadilishe fikra. Mjini Cape Town, Afrika Kusini, nyani wa milima ya jirani huingia majumbani na kupora jikoni, na kwa miaka mingi jiji limekuwa likigharimia walinzi wanaotembea na makundi ya nyani mchana kutwa na kuyazuia yasishuke mitaani. Ni watu wazima, wana mshahara, wana viatu, wana simu za kuwasiliana, wanajua kundi gani limelala wapi. Kazi ileile, kwa mnyama wa jamii ileile, hapa inafanywa na mtoto mwenye debe. Sioni sababu ya kijiji chenye vijana kumi wasio na ajira na mashamba mia mbili yaliyopakana na msitu kushindwa kuwa na zamu ya walinzi wanaolipwa, nusu kutoka kwenye mapato ya hifadhi na halmashauri, nusu kwa mchango wa magunia baada ya mavuno. Wanaowajua nyani kwa majina wapo tayari katika vijiji vinavyoizunguka Gombe, na wanaweza kuwa walimu wa zamu hizo. Mradi wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall, ulioanzishwa mkoani Kigoma mwaka 1994, umekwisha kuonyesha kwamba vijiji vinaweza kukaa pamoja, kuchora ramani ya matumizi ya ardhi na kutenga misitu yao. Ramani hizohizo zinaweza kuonyesha pia wapi pasilimwe mahindi, wapi pawekwe ukanda wa mazao yasiyomvutia nyani, na wapi mashamba yaunganishwe ili mlinzi mmoja aone mipaka ya kaya nne badala ya kila kaya kujenga dungu lake.

Ulinzi wa pamoja una faida ambayo ulinzi wa kila mtu na lake hauwezi kuwa nayo. Mimi nilipopiga debe katika shamba la shangazi, nyani walihamia kwa jirani. Jirani alipowahi kuamka, walihamia kwetu. Kwa miaka yote hiyo kaya zilikuwa zikirushiana nyani kama mpira, na kila moja ikiamini kwamba nyingine ndiyo iliyozembea. Urafiki wa watu wazima wawili ninaowafahamu ulivunjika kwa sababu hiyo. Kundi lisilopata pa kuingia kwa siku kadhaa mfululizo katika mstari mzima wa mpaka hurudi kwenye matunda ya mwituni, mradi msitu wenyewe umeachiwa matunda hayo. Kwa hiyo Tabora, ambako Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla ilitangazwa mwaka 2019 na ambako misitu ya vijiji bado ipo, zamu ya walinzi bila mabani yanayotumia kuni kidogo na bila kupanda miti ya kuni itakuwa ni kuchota maji kwa pakacha.

Msimu uliopita nilimwomba shangazi, ambaye sasa ni mzee na bado analima palepale, anisaidie jambo moja dogo: kila siku ambayo mtu wa nyumba yake amekaa shambani kwa ajili ya nyani, aweke alama kwenye ukuta wa jiko. Siku zake mwenyewe aliziwekea alama ya mkaa. Siku za mjukuu wake wa darasa la tano alimwachia mtoto aziandike kwa chaki aliyotoka nayo shuleni. Nilipokwenda baada ya mavuno alama zilikuwa zimeanzia kizingitini na kufika karibu na dirisha, na shangazi alinishika mkono akanisogeza ukutani, maana macho yake hayaoni vizuri siku hizi, akaniomba nimwambie zipi ni nyingi. Za chaki ndizo zilizokuwa nyingi.